Maswali ya wasomaji: kugeuza video kwa kadi ya grafiki

Nimefunga kadi ya grafiki ya NVIDIA yenye nguvu, lakini FFmpeg (programu ya kugeuza video kwa amri za kuandika) inageuza video kwa mwendo uleule wa zamani. CPU (prosesa) iko asilimia 100, GPU (chipu ya kadi) haifiki hata 5. Kadi ni mbovu?

Kadi ni nzima, ila hujaipa kazi. Ukiandika `-c:v libx264`, FFmpeg husimba video (huibana iwe faili) kwa CPU hata kama kompyuta ina kadi nne. Lazima ukitaje kisimbaji cha kadi kwa jina: `h264_nvenc` au `hevc_nvenc` kwa NVIDIA, `h264_qsv` kwa Intel, `h264_amf` kwa AMD kwenye Windows, na `h264_vaapi` kwa Intel na AMD kwenye Linux. Amri ya `ffmpeg -encoders` itakuonyesha vipi vimo katika toleo ulilonalo.

Kinachosimba video si yale maelfu ya viini vinavyochora michezo. Ni sakiti ya pekee iliyotengwa ndani ya chipu kwa kazi hiyo tu. Intel waliianzisha mwaka 2011 kwa jina la Quick Sync, na NVIDIA wakafuata mwaka 2012 na NVENC. Viini vya kawaida havikufaa kwa sababu kubana video kuna hatua zinazongojeana: kila kipande cha picha hukadiriwa kwa kuangalia jirani yake aliyekwisha simbwa, na hatua ya mwisho ya kubana biti huenda moja baada ya nyingine. Huwezi kuigawia viini elfu tatu kazi ambayo kila hatua inasubiri iliyotangulia. Ndiyo maana grafu ya GPU unayoitazama inaweza kubaki chini hata kazi ikienda kasi. Kwenye Task Manager, badilisha grafu moja iwe Video Encode. Kwenye Linux, endesha `nvidia-smi dmon -s u` na uangalie safu za enc na dec.

Kubadili kisimbaji peke yake ni nusu ya kazi. Video lazima kwanza isimbuliwe (ifunguliwe iwe picha), na mara nyingi ipunguzwe ukubwa, ndipo isimbwe upya. Kama hatua mbili za kwanza zimebaki kwa CPU, kadi itakaa ikingoja. Kuna pia gharama ya kuhamisha fremu. Fremu moja ya 1920×1080 iliyosimbuliwa, ya biti 8 na mpangilio wa 4:2:0, ni baiti milioni 3.1. Kwa fremu 300 kwa sekunde ni zaidi ya megabaiti 900 kila sekunde, na zikipandishwa na kushushwa mara kadhaa kati ya RAM na kadi, faida inaliwa njiani. Fremu ikishaingia kwenye kadi, ibaki humo hadi mwisho:

`ffmpeg -hwaccel cuda -hwaccel_output_format cuda -i asili.mp4 -vf scale_cuda=1280:720 -c:v h264_nvenc -preset p5 -rc vbr -cq 24 -b:v 0 -c:a copy mpya.mp4`

Chaguo mbili za mwanzo zikae kabla ya `-i`, la sivyo hazigusi faili linaloingia. Wengi huweka ya kwanza na kuisahau ya pili; hapo kadi husimbua, kisha hurudisha kila fremu kwenye RAM.

Bado ni taratibu? Pima hatua mojamoja kabla ya kununua chochote. Endesha `ffmpeg -hwaccel cuda -i asili.mp4 -an -f null -` na usome thamani ya speed (2x ni mara mbili ya mwendo wa kuitazama video). Kama kusimbua peke yake kunatoa 2x na kazi nzima inatoa 1.9x, kisimbaji hakina kosa: kinachochelewesha ni usimbuaji au diski, na kadi yenye kisimbaji cha kasi zaidi haitaongeza kitu. Vichujio vizito kama `nlmeans` cha kuondoa chenga hufanya hivyohivyo, kwani kinafanya kazi kwenye CPU.

Amri kama hiyo inakubali mafaili mengi, ila machache yanakataa na ujumbe unaoanza na "Impossible to convert between the formats". Kwa nini?

Ujumbe huo hutokea kichujio kinapoletewa fremu iliyo mahali kisipoweza kuifikia. `scale_cuda` husoma kumbukumbu ya kadi tu, na `scale` ya kawaida husoma RAM tu.

Kwa kuwa ni baadhi ya mafaili, shuku kwanza H.264 (aina ya ubanaji wa video) ya biti 10. Kadi za NVIDIA za kabla ya RTX 50 haziwezi kuisimbua. FFmpeg haikatai, inarudi kwa CPU kimya kimya, fremu zinatokea kwenye RAM, na `scale_cuda` inagoma. Thibitisha kwa `ffprobe`, programu ya kukagua faili inayokuja na FFmpeg: ukiona `yuv420p10le` pamoja na h264, umempata mchawi. Ondoa chaguo zote mbili za hwaccel, kisha pandisha fremu mwenyewe:

`-vf "format=nv12,hwupload_cuda,scale_cuda=1280:720"`

Hiyo `format=nv12` inashusha picha hadi biti 8, jambo linalohitajika pia kwa sababu `h264_nvenc` kwenye kadi hizo haikubali biti 10. Ukitaka kuzihifadhi biti 10, tumia `hevc_nvenc` na uandike `p010le` badala ya `nv12`.

Kuchoma manukuu kwenye picha kunaleta kosa lilelile, maana kichujio cha `subtitles` ni cha CPU. Weka `hwdownload,format=nv12,subtitles=manukuu.srt` baada ya kupunguza ukubwa, si kabla, ili fremu zinazoshushwa ziwe ndogo. Kuzipandisha tena si lazima, NVENC hupokea fremu za RAM.

Nilizoea CRF 20 (namba ya ubora ya libx264). Nimeweka -cq 20 na faili limekuwa kubwa zaidi. Je, GPU inaharibu ubora?

Namba hizo mbili ni mizani tofauti. 20 ya huku si 20 ya kule. Kata kipande cha dakika moja chenye mwendo mwingi, kisimbe kwa cq ya 22, 25 na 28 bila kubadili ukubwa wa picha, kisha pima kila kimoja kwa VMAF, kipimo kinacholinganisha ubora wa picha na ile ya asili: `ffmpeg -i mpya.mp4 -i asili.mp4 -lavfi libvmaf -f null -`. Faili lililobanwa litangulie, la asili lifuate.

Hata hivyo ukweli usemwe: kwa ukubwa uleule wa faili, x264 au x265 (visimbaji vya CPU) kwenye mpangilio wa taratibu bado hutoa picha bora kuliko kisimbaji cha kadi, kwa sababu ina muda wa kujaribu njia nyingi zaidi za kugawa picha. Pengo limepungua sana tangu kizazi cha Turing cha kadi za NVIDIA cha mwaka 2018, na `-preset p7 -tune hq -spatial_aq 1 -rc-lookahead 32` hulipunguza zaidi. Kwa matangazo ya moja kwa moja na nakala za kazi, tumia GPU bila wasiwasi. Kumbukumbu zitakazohifadhiwa miaka mingi zipe CPU usiku kucha.

Naweza kununua kadi yoyote?

Hapana. GT 1030 na RX 6500 XT hazina kisimbaji kabisa, na prosesa za Intel zenye herufi F mwishoni hazina Quick Sync. Kusimba AV1, aina nyingine ya ubanaji wa video, kunahitaji Intel Arc, RTX 40, RX 7000 au za baada ya hizo.

Nikiendesha kazi nyingi kwa pamoja, za mwisho zinafeli na "OpenEncodeSessionEx failed".

Umegonga kikomo. Draiva za kadi za kawaida za NVIDIA huruhusu idadi maalumu ya kazi za kusimba kwa wakati mmoja. Zamani zilikuwa mbili, na matoleo mapya ya draiva yameongeza hadi 8 na zaidi, kwa hiyo anza kwa kusasisha draiva. Lakini safu ya enc ikishafika 100, kazi ya ziada haiongezi kasi, zinagawana tu. Kama unatoa ukubwa mbili kutoka faili moja, lisimbue mara moja kwa amri moja:

`-filter_complex "[0:v]split=2[a][b];[a]scale_cuda=1280:720[x];[b]scale_cuda=854:480[y]"`

Kisha elekeza `[x]` na `[y]` kwa `-map`, kila kimoja na faili lake. Rudia mipangilio ya `-c:v` na ubora kabla ya kila jina la faili, kwani ya faili la kwanza hairithiwi na la pili.