Rudi kwenye chapati kwanza, halafu ukapime

SWALI: Shikamoo daktari. Nina miaka 34, mama wa watoto wawili, naishi Arusha. Huu ni mwaka wa sita tumbo linajaa gesi, naendesha mara kwa mara, na damu haikai: nikimeza vidonge inapanda hadi 10, baada ya miezi mitatu iko 8. Taifodi nimetibiwa mara nne. Mwezi uliopita nilipima kwa ile mashine ya kushika chuma, nikaambiwa nina aleji ya ngano na sumu kwenye utumbo, nikauziwa dawa ya kusafisha. Nimeacha chapati na mkate, sasa ni wiki ya tatu na nasikia nafuu. Je, niendelee hivihivi au niende hospitali?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Nenda hospitali. Ila kabla ya kutolewa damu ya kipimo, rudi kwenye chapati.

Najua umeshtuka. Wagonjwa wengi hunikasirikia hapa: wameteseka miaka, wamepata nafuu, daktari anawarudisha kwenye kile kilichowaumiza. Lakini ugonjwa ninaoushuku kwako, seliaki, hupimwa kwa kutafuta alama za vita. Mwenye seliaki akila gluteni, ile protini iliyomo kwenye ngano, shayiri na rai (nafaka ya jamii ya ngano), kinga yake ya mwili huushambulia utumbo mwembamba wake mwenyewe. Kipimo cha damu, ambacho kwenye fomu utakiona kimeandikwa tTG-IgA, hutafuta kingamwili za mashambulizi hayo. Ukiacha ngano, vita inapoa, kingamwili zinashuka, na jibu linaweza kutoka safi ilhali ugonjwa unao. Hapo utaambiwa huna kitu, na miaka mingine sita itaanza.

Kwa hiyo kula chapati moja au slesi mbili za mkate kila siku, angalau kwa wiki 6, ndipo upime. Tumbo likikushinda katikati, usivumilie kishujaa, rudi kwa daktari wako mpange upya. Omba pia wapime jumla ya IgA, ile aina ya kingamwili ambayo kipimo hicho huitafuta, kwa sababu wapo watu ambao miili yao huitengeneza kidogo mno, na kwao kipimo cha kwanza hudanganya. Damu ikionyesha dalili, utapitishiwa kamera mdomoni na kuchukuliwa vinyama kwenye duodeni, mwanzo kabisa wa utumbo mwembamba.

Mahali hapohapo ndipo madini ya chuma yanapofyonzwa. Ukuta wake ukiwa umesawazika kama zulia lililochakaa, vidonge vyako vinapita tu kuelekea chooni. Ndiyo maana damu ya 8 inayorudi kila mara hainifurahishi hata kidogo, na inanishangaza kwamba kwa miaka sita hakuna aliyeuliza inakwenda wapi. Hedhi nzito nayo huimaliza damu, minyoo ya safura pia, kwa hiyo hayo yachunguzwe sambamba. Na hiyo taifodi ya mara nne, naomba uniruhusu niitilie shaka. Kipimo cha damu cha taifodi kiitwacho Widal, kikifanywa mara moja tu, huweza kusoma chanya kwa mtu aliyewahi kukutana na vimelea hivyo zamani.

Sasa nije kwenye hiyo nafuu, maana ndiyo inayowapotosha watu kuliko kitu kingine. "Nimeacha ngano nikapona, basi ni ngano." Dada, chapati ulikuwa unashushia na nini? Kama ni chai ya maziwa, umeacha chapati na huenda chai nayo umeipunguza, na watu wazima wengi wa kwetu hawamudu sukari ya maziwa. Gesi, kuunguruma na kuendesha ndiyo kazi yake. Tena ngano ina wanga uitwao fruktani unaojaza gesi hata kwa mtu ambaye gluteni haimdhuru. Nafuu yako ni ya kweli, siibishi. Haikwambii tu imetoka wapi.

Na kujua imetoka wapi si ushabiki wa kitaalamu. Asiyemudu maziwa akionja kidogo ataunguruma jioni moja, yakaisha. Mwenye seliaki anaacha gluteni maisha yake yote, hata kipande cha andazi la harusini, hata kama tumbo halikuuma. Asipoacha, mifupa hupungua uimara, mimba zinaweza kuharibika, wengine hutokwa vipele vya maji vinavyowasha viwikoni na magotini, na kwa wachache saratani ya utumbo hufuata. Nani atajinyima kiasi hicho kwa neno la mashine?

Hiyo mashine naifahamu. Unashika chuma dakika moja, printa inatema kurasa za rangi: ini, figo, "nguvu za ubongo", zote kwa asilimia. Mzee mmoja aliniletea zake, zikasema mfuko wake wa nyongo unafanya kazi vizuri. Mfuko huo ulikatwa na kutolewa zamani, kovu analo. Hakuna chuma cha kushika kinachopima aleji, na seliaki wala si aleji. Utumbo wako pia hauna "sumu" ya kusafishwa. Nyingi ya dawa hizo kazi yake ni kuharisha, nawe tayari unaendesha. Itupe.

Wapo pia wanaosema huu ni ugonjwa wa wazungu. Wasahrawi wa kule magharibi mwa Sahara, walipopimwa watoto wao miaka ya 1990, zaidi ya 5 kati ya 100 walikutwa nao. Kwetu hauonekani sana, na usichokitafuta utakionaje?

Ukithibitishwa, chakula hakitakuwa taabu kama unavyoogopa: ugali, wali, ndizi, mihogo, mtama na ulezi havina gluteni. Chunga unga wa lishe, mara nyingi huchanganywa ngano, na mashine ya kusaga inayopitisha ngano kabla ya mahindi yako. Bia ya shayiri, hapana. Mbege ya ulezi na ndizi haina tatizo hilo, ingawa sijakutuma.

Ninachokihofia zaidi ni watoto. Naletewa watoto walioachishwa ngano, maziwa na mayai kwa mpigo kwa sababu ya karatasi za rangi, mbavu zinahesabika, na mama anaamini anawaponya. Wako wawili usiwaguse chakula chao. Jibu lako likitoka na seliaki, nao itabidi wapimwe, kwani kwa ndugu wa damu wa karibu ni takriban 1 kati ya 10. Waende wakiwa bado wanakula maandazi yao kama kawaida.