Khalati hakuwa na leso iitwayo mawasiliano

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Kisauni aliniandikia kwamba kwa siku nne ameshindwa kufungua ukurasa wa bidhaa katika mradi wake wa kwanza wa Django (zana ya kutengenezea tovuti kwa lugha ya Python), kwamba kila akijaribu anapata ile 404 ya "ukurasa haupatikani", na kwamba anafikiria kuachana na programu arudie kazi yake ya kuuza simu. Nilimwomba anitumie picha ya skrini nzima badala ya kunisimulia. Ilipofika nilicheka kidogo, kisha nikaona haya, kwa kuwa kosa la ukoo huo liliwahi kunifedhehesha mimi mwenyewe mbele za watu.

Nilipokuwa mwanafunzi wa Django nilijitolea kumtengenezea khalati yangu tovuti ya duka lake la leso, hapo Biashara Street. Habari za kusanidi Python naziruka, maana sote tumezipitia na hazina utamu. Leso hununuliwa kwa jina lake, yaani yale maneno yaliyochapwa juu ya pindo la chini, na mteja anaweza kuikataa leso nzuri kwa sababu tu jina lake halimfikii jirani aliyekusudiwa. Kwa hiyo nilijiona mwerevu sana nilipoamua kwamba kila leso itakuwa na anwani inayotokana na jina lake, na juu kabisa ya orodha ya anwani za tovuti, katika faili la urls.py, nikaandika:

path('<slug:jina>/', views.leso),

Siku chache baadaye, chini yake, nikaongeza:

path('mawasiliano/', views.mawasiliano),

Kurasa za leso zilifunguka bila taabu, ila ule wa mawasiliano ulikataa katakata. Niliondoa mkwaju (ile alama ya /) nikaurudisha, nikazima seva nikaiwasha, nikabadilisha brauza, nikafuta mazingira yote ya Python na kuyaunda upya, na usiku wa tatu nikaanza kuilaumu kompyuta yenyewe. Kesho yake nilikuwa nimeahidi kuionyesha kazi dukani, nami nikaenda nikiomba Mungu asitokee mtu wa kubofya hapo. Binamu yangu alibofya hapo kwanza. Akasema mbele ya wateja wawili kwamba duka la WhatsApp angalau lina mlango, na kicheko kile sijakisahau, ingawa siku hizi ni yeye anayeniuliza bei ya tovuti.

Aliyeniokoa ni khalati, ambaye hajaandika mstari mmoja wa programu maishani mwake. Alivaa miwani, akaiinamia skrini, akaweka kidole juu ya neno pekee alilolitambua katikati ya Kiingereza kile.

"Mwanangu, hapa pameandikwa Leso. Yatafuta leso gani?"

Swali hilo nilipaswa kujiuliza siku tatu nyuma. Ukurasa wa kosa ulikuwa ukisema waziwazi kwamba hakuna Leso iliyopatikana, na ukaitaja views.leso kuwa ndiyo fanksheni iliyotoa kosa, ilhali mimi nilidhani nimefika kwenye views.mawasiliano. Django huisoma orodha ya urlpatterns kutoka juu kwenda chini na husimama kwenye mstari wa kwanza unaolingana na anwani, bila kujali kwamba chini yake uko mwingine unaofaa zaidi. Neno "mawasiliano" ni herufi tupu, na slug, yaani neno lolote la herufi, tarakimu na vistari, huzikubali, basi mashine ikaenda kwenye hifadhidata kumtafutia khalati leso yenye jina hilo. Niliupandisha mstari wa pili juu ya wa kwanza, na shughuli ikaisha kabla kahawa haijapoa.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza ni kuusoma ukurasa wa kosa, na wa pili ni kuusoma tena hadi chini, kwa sababu DEBUG, ule mpangilio wa kusakia makosa katika settings.py, ikiwa True ukurasa huo hukuorodheshea anwani zote zilizojaribiwa, kwa mpangilio uleule uliouandika. (Tovuti ikishatoka hadharani, DEBUG iweke False, usije ukawaanikia wageni ramani ya nyumba yako.) Kijana wa Kisauni alikuwa ameandika '/bidhaa/', akiuanza mstari kwa mkwaju ambao Django haiuhitaji, na dirisha la amri lilikuwa likimwonya kwa onyo la urls.W002 kila alipoiwasha seva. Wengine huandika 'duka/' kwenye include, yaani mstari unaoingiza orodha ya anwani za programu ndogo, kisha wakairudia ndani ya programu ndogo, na anwani yao ikawa duka/duka/bidhaa. Hilo nalo limo kwenye orodha hiyohiyo, kwa mwenye kuisoma.

Sote hapa tunataka kulipwa kwa kazi hii, si kuzeeka na miradi ya mazoezi, na sioni mteja gani atamlipa mtu anayebahatisha. Tunakimbilia kuuliza vikundini kabla ya kusoma mistari mitatu tuliyoandikiwa sisi wenyewe. Nasema "tunakimbilia" kwa heshima tu.

Jana usiku kijana amenijibu: bidhaa zimefunguka, lakini sasa amekutana na kosa jingine la anwani, NoReverseMatch, nifanyeje kaka? Jibu nadhani ninalo, ila sitaliandika hapa kwa kuwa najua anapita. Nimemwambia anisomee kwanza ule mstari wa juu, neno kwa neno.