Maswali ya Lugha: "Intuit" ni kuhisi, kukisia au kung'amua?

SWALI: Nasoma kidato cha sita. Kwenye zoezi la ufahamu wa Kiingereza tulikutana na sentensi "She intuited that he was hiding something." Kamusi yangu ndogo inasema "kuhisi", mwenzangu anashikilia "kukisia". Nani yuko sahihi, na neno limetoka wapi?
Msomaji, Ipagala, Dodoma

JIBU: Kamusi yako imekaribia kuliko mwenzako, ila haijafika. "Intuit" ni kujua jambo moja kwa moja, bila kuambiwa na bila kupitia hatua za kufikiri. Anayekisia bado ana shaka, na hata anayehisi anaweza kuwa na shaka. Sisi tungefasiri hivi: "Aling'amua moyoni kuwa yule bwana anaficha jambo." Tumeongeza "moyoni" kwa sababu mtu anaweza pia kung'amua baada ya uchunguzi mrefu. Mtaani wangesema "machale yalimcheza", na katika sentensi hii inakubali, lakini machale huonya juu ya hatari. "Intuit" inafaa hata kwa jambo jema.

Wanafunzi wengi huchanganya "intuit" na "infer". Chukua mkulima wa mtama wa Kongwa. Akihesabu wiki zilizopita bila mvua mwezi Januari, akatazama majani yalivyojikunja, kisha akasema mavuno yatapungua, hiyo ni "infer". Muulize "umejuaje?" atakutajia sababu moja baada ya nyingine. Akisimama tu ukingoni mwa shamba akajua, na ukimuuliza hana sababu ya kukutajia, hiyo ni "intuit". Huenda miaka yake ya kilimo ndiyo imemfundisha, lakini hatua hazionekani. Swali hilo la "umejuaje?" litakusaidia hata kwenye mtihani. "Instinct" ni kitu kingine: ni silika, kama ya kuku kuatamia mayai bila kufundishwa.

Asili yake ni Kilatini, kitenzi "intueri", yaani kukazia macho, kutazama kwa makini. Sehemu ya kwanza, "in", inaonyesha kuelekea au juu ya kitu. Ya pili, "tueri", ni kutazama na pia kulinda. Katika ile maana ya kulinda ndimo yalimotoka "tutor" na "tuition", kwa hiyo hata tuisheni ya jioni ni ndugu wa neno lako! Nomino "intuition" iliingia Kiingereza mapema, karne ya 15. Karne ya 17 mwanafalsafa John Locke aliita ujuzi wa aina hii ule ambao akili inauona papo hapo, kama kwamba nyeupe si nyeusi na tatu ni zaidi ya mbili. Kitenzi kwa maana ya leo kilichelewa sana: mfano wa zamani unaojulikana ni wa mwandishi Mwingereza Thomas De Quincey, mwaka 1840. Inaelekea kilichongwa kutoka kwenye nomino, kama "edit" ilivyotokana na "editor".

Ukikitumia, kipe yambwa (kitu kinachong'amuliwa) au "that": "she intuited the danger". Usiandike "intuited about". Mkazo uko katikati, in-TYU-it, na herufi t haiongezwi: "intuited", "intuiting". Angalia pia usidondoshe t ya kwanza, maana "Inuit" ni watu wa nchi za baridi kali za kaskazini, na kompyuta haitakusahihisha kwa kuwa maneno yote mawili yapo. Katika mazungumzo ya kawaida Waingereza husema zaidi "sense". "Intuit" ina harufu ya maandishi.

SWALI: Tangazo linasema simu fulani ni "intuitive". Simu inang'amua nini?
Msomaji, Manyoni, Singida

JIBU: Simu haing'amui chochote, anayeng'amua ni mtumiaji. Ukiona picha ya pipa la taka unajua hapo ndipo pa kufutia, bila kusoma maelekezo. Fasiri "rahisi kutumia bila kufundishwa".