"Kizuia mbio" kinachoongeza mbio

SWALI: Mwalimu, jambo. Nina mashini ya kusaga mihogo hapa Kadutu, Bukavu. Kile kifaa cha injini kinachotuliza mwendo, fundi wangu anakiita "regilatere", shemeji aliyetoka Mombasa anasema "gavana", na daftari la mtoto limeandikwa "kizuia mbio". Tushike lipi? Tena ni "gavana wa mashini" ao "gavana ya mashini"?

JIBU: La mwisho ni jepesi, tulimalize. Kifaa si mtu: gavana ya mashini, gavana imeharibika. Ukisema "gavana ameharibika" hapa Bukavu, watu watageuka kwanza kuona nani anasikiliza.

Sasa hicho "kizuia mbio". Kila nikikikuta, chai inanipalia. Papa, simama kando ya mashini yako. Mama anamwaga beseni la mihogo, mashini inalemewa, mlio unashuka. Ndani ya regilatere mna vyuma viwili vizito vinavyozungushwa na injini yenyewe. Mwendo ukipungua, vyuma vinajikunja, springi inasukuma mkono wa pampu, mazutu (dizeli) yanaongezeka, mlio unarudi. Kizuia gani hicho kinachoongeza mbio? Beseni likiisha, mzigo unatoka ghafla, injini inataka kuruka. Vyuma vinatanuka, vinaishinda springi, mazutu yanapungua. Mama wa pili anamwaga la kwake, mchezo unaanza upya, hadi jioni. Hiyo ni kazi ya mpishi anayeonja chumvi, si ya askari wa bariere!

Haya, kuzuia nako kumo, sikatai. Injini ya mazutu isiyo na mzigo, ikimiminiwa bila kipimo, hupanda mbio mpaka ijivunje yenyewe. Mwendo ukiwa mara 2, nguvu inayozivuta biele, ile mikono inayoshika pistoni, inakuwa mara 4. Valvu zinachelewa kufunga, pistoni inazigonga, na biele ikikatika hutoboa bloku, mwili wa injini. Fundi mmoja wa mtaani kwetu aliufunga mkono wa pampu kwa waya "ili ipate nguvu". Mashini ikavunjika, unga wa mihogo ukakosekana, tukala wali wiki mbili.

Asili ya gavana ni Kigiriki, kuongoza chombo baharini. Likapitia Kilatini na Kifaransa, likawafikia Waingereza, na Wabelgiji wakatuletea guverneri wao. Usukani basi, si nanga. James Watt alipoitia kwenye injini ya mvuke, mwaka 1788, alitaka mwendo usiyumbe.

Shemeji namsamehe. Kwao Kenya gavana ni kile kinachoibana matatu isipite kilomita 80 kwa saa, na hicho kweli ni kizuia, wakiite watakavyo. Wewe endelea na regilatere. Limeshalowa mazutu, ni letu. Ukitaka Kiswahili cha darasani, sema "kirekebisha mwendo".

Na huyo mwalimu wa mtoto, mwalike mashinini siku ya soko, asimame pale beseni linapoisha.