Maswali yenu kuhusu faragha kwenye simulizi za mapenzi

Mvua imeanza Moshi tangu alfajiri, sijatoka hapa Pasua, nimekaa na chai nasoma meseji zenu watunzi wa simulizi. Ni nyingi, nimechagua chache zinazofanana na za wengine wengi.

Dada shikamoo. Naandika simulizi ila nikifika sehemu ya faragha maneno yananiishia. Nikitaja viungo inakuwa kama nipo zahanati, nikiacha hayo yanabaki matusi matupu. Nifanyaje?

Marahaba mdogo wangu. Ni kweli hapo katikati kuna pengo, upande huu maneno ya daktari na mwalimu wa baiolojia, upande ule maneno ambayo konda akiyatamka kwenye daladala abiria wote wanageuka. Ila wazee wetu hawakukwama hapo, walipita na mafumbo, angalia majina ya kanga, angalia taarabu, mtu anasema kila kitu na hajataja kitu. Hata kwenye Biblia, Wimbo Ulio Bora una sura nane za mapenzi tu, na sura ya nne bwana anayasifia meno ya mpenzi wake kuwa ni kama kundi la kondoo waliotoka kuogeshwa. Yule mtu aliishi na kondoo, akachukua kizuri alichokiona kila siku akampa mpenzi wake. Sasa we unaishi Moshi, kwanini binti wa kwenye simulizi yako analala kwenye mashuka ya hariri karibu na moto wa kuni za misonobari?

Kuna dada nilimhariria simulizi yake. Mume anarudi Desemba toka Dar, ile Desemba ambayo kila mtu anapanda nyumbani, na alikuwa amemkosea mkewe vibaya, miezi minne hajapiga simu. Rasimu ya kwanza kafika tu wanaingia chumbani, kurasa tatu za kitandani. Nikamrudishia nikamwambia hawa watu hawajasameheana, nguo zinavuliwaje? Akaandika upya. Mume anasimama mlangoni kimya, mkononi ana jani la isale alilolichuma mpakani mwa kihamba wakati anaingia, bado lina maji ya mvua (kwa msio Wachaga, kihamba ni shamba la nyumbani, na isale ndio jani la kuombea msamaha, ukiletewa hilo kukataa ni kugumu sana). Mke analiangalia muda mrefu. Analipokea. Anaenda jikoni anarudi na maji ya moto kwenye beseni, anainama amvue viatu, kamba zimelowa tope fundo haliachii, anajaribu kwa kucha, inashindikana, mwisho analifungua kwa meno. Sura ikaishia hapo, hakuna aliyevua hata shati, na mimi nililia. Nimesoma chombezo, zile simulizi za kitandani, sijui ngapi na hakuna iliyonikaa moyoni kama lile fundo.

Kwa hiyo usitafute jina la kiungo. Tafuta fundo.

Wasomaji wangu wanalalamika kwamba sehemu za mapenzi hawaelewi nani anamfanya nini nani. Kosa liko wapi?

Liko kwenye lugha yenyewe, na ni kitu ambacho lazima mtunzi wa Kiswahili akijue. Sisi "a" ni yeye mwanamke na ni yeye mwanaume, "m" vilevile. Ukiandika "akamsogelea akamshika mkono akamtazama akamwambia asiogope akamvua koti", koti limevuliwa na nani? We mtunzi unawaona kichwani, msomaji haoni. Dawa zipo. Moja, mpe mmoja wao kitu, mwenye miwani, mwenye kanga begani, alafu tumia hicho kitu badala ya kurudia majina mpaka yachoshe. Nyingine ni kugeuza kitendo, "akahisi mkono wake umeshikwa", hapo tumeshajua tupo ndani ya ngozi ya nani. Alafu kuna hii zawadi yetu ya "ana", wakatazamana, wakashikana, wakanyamaziana. Neno moja na wote wawili wamo. Ila litumie kwa uangalifu, maana "alimkumbatia" na "walikumbatiana" ni simulizi mbili tofauti kabisa, kwenye ya kwanza inawezekana mwenzake mikono bado iko chini, na hapo ndipo pana hadithi.

Na punguza hizo "ka". Akamshika akambusu akamlaza akamfunika, inakimbia kama mtu anatoa maelezo polisi. Ukitaka muda usimame tumia "huku" na "ki", mfano "alikuwa anaongea huku akizungusha kikombe, asijue akiweke wapi". Soma kwa sauti utasikia mwenyewe.

Nauza simulizi kwa sehemu sehemu, full (simulizi nzima) buku. Wateja wanataka chombezo, nisipoweka kitandani sehemu mbili mfululizo wanapotea. Nifanye biashara au sanaa?

Sikusemi vibaya, kodi inalipwa na hela. Lakini angalia meseji zao vizuri. Mteja akiandika "nina arosto, tupia nyingine", yaani hamu imemzidi, mara nyingi ulimuachia mlango unagongwa, ulimuachia swali. Wahusika wakishafika kitandani sehemu ya 2, ya 3, ya 4, wewe mwenyewe utakosa cha kuandika sehemu ya 5 zaidi ya kubadilisha chumba. Jiulize kabla ya kila faragha, asubuhi yake nini kimebadilika kati ya hawa wawili? Kama jibu ni hakuna, hiyo sehemu ikate, wala hawatajua ilikuwepo.

Kwenye simulizi nyingi mwanamke anakataa kwa mdomo "ila mwili wake ukakubali". Mbona inaniudhi, au mimi ndo mshamba?

Sio ushamba, na mimi nakasirika kuliko wewe. Mtu akisema hapana kasema hapana. Simulizi zetu zinasomwa na vijana ambao hakuna aliyewahi kukaa nao chini kuwaambia lolote, wanajifunzia humo, na wewe mtunzi unawafundisha kwamba hapana ni mlango wa kusukuma tu. Mkiniletea hiyo nairudisha bila kuihariri. Na msiniambie kuulizana kunaua utamu, mwanaume anayenong'ona "nisogee?" alafu anasubiri, kile kimya cha kusubiri kina joto kuliko kurasa kumi za kurushana kitandani.

Mhusika wangu yupo form three, naweza kumuandikia faragha?

Hapana. Chini ya miaka 18 hakuna faragha, hata aliyempenda awe mwema kiasi gani. Usimuongezee umri kwa kalamu huku anavaa sare za shule. Na mjue kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inagusa mnachosambaza.

Naimba kwaya, napenda sana kuandika mapenzi ila sitaki kitandani kabisa. Kuna watu watasoma?

Watasoma. Harlequin ya Canada, wachapishaji wa riwaya za mapenzi, hao hao walioinunua Mills & Boon ya Uingereza mwaka 1971, wana mkondo mzima unaitwa Love Inspired, ni mapenzi ya Kikristo, humo hakuna kitandani na wanauza mwaka hadi mwaka. Ila usidhani kazi yako ni rahisi. Kama hawatagusana basi kila kitu kingine lazima kibebe, namna anavyomtafutia ukurasa kwenye kitabu cha nyimbo, namna anavyosogea kwenye benchi kumpisha na bado mabega yanakutana. Anzia hapo kwenye benchi, nitumie kurasa mbili nizione.