Kutu kwenye mfereji wa paa la vani

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupaka rangi tu juu ya kutu iliyovimba kwenye mfereji wa paa la vani yako ya zamani. Usifanye hivyo, tafadhali. Maji yameshapenya chini ya ile gundi ya kuziba iliyopasuka, na bati linaliwa kimyakimya. Kwangua gundi yote, kisha piga brashi ya waya na msasa hadi chuma king'ae. Dungadunga kwa bisibisi: ikizama, hapo pakatwe na kuchomelewa kiraka (ondoa kwanza kitambaa cha dari, kinashika moto upesi). Pakiwa pazima, paka dawa ya kutu, praima ya epoksi (rangi ya msingi inayoshika chuma), gundi mpya ya poliurethani, halafu rangi. Gundi ya silikoni iache kabisa. Rangi haishiki juu yake.