Daraja huliwa kutoka chini

Ndugu, umeuliza mbona daraja la mita mia hivi lichukue miaka ilhali barabara ndefu inamalizwa haraka. Nilianza kwa kumbebea sarveya vifaa, baadaye nikasimamia zege, kwenye daraja moja la mto Nzoia huku Busia.

Upana wa mto si shida. Shida iko chini. Kule Budalangi mto umeshusha udongo kutoka milima ya Elgon na Cherangani tangu enzi za mababu, kwa hivyo ukichimba unapata mchanga, tope, halafu mchanga tena. Ukisimamisha nguzo, maji yanaigonga, yanateremka hadi miguuni pake, yanazunguka na kuchimba.

Mwaka mmoja masika yalitufukuza saiti. Maji yalipopungua tukaingia na mtumbwi, nikashusha kamba yenye chuma kando ya nguzo. Kina kilekile cha Februari! Foromani akafurahi. Injinia mmoja mzee akaniambia, "Kijana, hebu chukua ile fimbo ya chuma uisukume." Sikuhitaji kusukuma. Ilizama kwa uzito wake, ikapita kimo changu, kama mwiko kwenye uji. Kumbe mafuriko yalikuwa yamechimba shimo, kisha maji yalipotulia yakalifukia kwa tope jepesi. Siku shimo liko wazi ndiyo siku usiyoweza kuthubutu kusogea na mtumbwi.

Ndiyo maana misingi inazamishwa kupita kina chochote ambacho mto unaweza kuchimba, na hapo ndipo pesa na miezi huishia. Zege nalo huwezi kulimwaga majini kama la slabu ya nyumba. Simiti itaoshwa ubaki na kokoto. Linashushwa kwa bomba hadi chini kabisa, na mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege likiwa linapanda. Ukichomoka mapema, nguzo imeharibika. Usiku mmoja mikseri ilizima katikati ya kazi, tukakoroga kwa koleo hadi alfajiri. Mgongo wangu unaukumbuka hadi leo.

Wanaotaja daraja la Sigiri, hukuhuku Budalangi, lile liliporomoka Juni 2017 likiwa bado linajengwa. Hayo ni mambo mengine.

Halafu yale mawe makubwa miguuni mwa nguzo si urembo, ndiyo yanayozuia mto kuchimba. Kwetu kuna waliokuja usiku wakayabeba, wakajengea msingi wa choo.